Msiandike tena kwamba watoto hawakudhurika

Ndugu Mhariri,

Habari za ukatili wa majumbani huandikwa kwa mtindo uleule. Mume kampiga mkewe, majirani wamesikia mayowe, polisi wamefika, mama kalazwa. Halafu, mstari wa mwisho, msomaji anatulizwa: watoto waliokuwamo ndani hawakudhurika. Sisi tunaofanya kazi na watoto tunaomba mstari huo uondoke. Mwandishi hawezi kulijua jambo hilo usiku uleule. Hata daktari aliyempima mtoto kuanzia utosini hadi unyayoni asione mchubuko wowote hawezi kulijua bado. Andikeni mnachokijua: kwamba watoto walikuwapo, wana umri gani kwa kukadiria, na kwamba hawakupigwa. Inatosha.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Sheria ya mwaka 2021 ya huko England kuhusu ukatili wa majumbani inamhesabu mtoto anayeuona ukatili huo, anayeusikia au anayepatwa na athari zake kuwa ni mwathiriwa yeye mwenyewe, si shahidi tu wa yaliyompata mama yake. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nayo inataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili pia.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri. Mtoto akisikia kishindo ukutani na sauti ya mama ikipanda, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hutoa tahadhari kabla hata hajaelewa kuna nini. Homoni za mshtuko, adrenalini na kortisoli, humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, usagaji wa chakula hupungua. Likitokea mara moja na mtoto akapata wa kumkumbatia, mwili hurudi mahali pake. Tatizo huja likijirudia kila mwisho wa wiki, au likiwa halina ratiba kabisa. Hapo mwili hujifunza kukaa tayari muda wote, na nguvu ambayo ingetumika kulala, kucheza na kusoma inatumika kusikiliza hatua za mtu kwenye korido.

Wengi hujifariji kwamba mtoto mchanga haelewi. Watafiti wa University of Oregon walichapisha uchunguzi mwaka 2013 wa watoto wa miezi 6 hadi 12 waliopimwa ubongo wakiwa usingizini huku wakisikilizishwa sauti za watu. Sauti ya hasira iliwasisimua ubongo ingawa walikuwa wamelala, na msisimko ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliotoka katika nyumba ambazo wazazi hugombana sana. Kusubiri mtoto alale ndipo watu wazima waanze kutupiana maneno, basi, hakumkingi.

Na si ndani ya nyumba peke yake. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti kutoka Chicago uliolinganisha tarehe za mauaji mitaani na tarehe ambazo watoto walipimwa kusoma na msamiati. Watoto weusi waliopimwa ndani ya wiki moja baada ya mtu kuuawa karibu na kwao walipata alama za chini zaidi kuliko wenzao wa mtaa uleule waliopimwa wakati mwingine. Watafiti hawakuwachagua walioshuhudia tu. Kuishi jirani na tukio kulitosha.

Dalili hubadilika kwa umri, na hapa ndipo watu wazima hupotea. Mchanga hulia asibembelezeke, hulala kwa vipande, hukataa kunyonya. Wa miaka 2 hadi 5 hurudi nyuma: aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, aliyezoea kubaki na shangazi anang'ang'ania sketi ya mama, na mwanasesere anapigwa kila siku katika mchezo uleule usiobadilika wala kuleta furaha. Wa shule ya msingi huumwa tumbo na kichwa asubuhi bila homa, huota vibaya, hupigana kwa jambo dogo, na mara nyingi huamini kwamba yeye ndiye chanzo, kwa sababu ugomvi ulianza alipomwaga maziwa. Kijana huchelewa kurudi nyumbani, hujaribu pombe, hujikata ngozi, au hukataa kutoka nyumbani kabisa kwa sababu amejipa kazi ya kumlinda mama.

Yuko pia ambaye hakuna anayemtaja: mtoto mwema kupita kiasi. Hajibu, hasumbui, anawalisha wadogo zake, anajua baba amekasirika kwa namna tu alivyofunga mlango. Huyu husifiwa. Tunamwogopea sawa na yule anayerusha viti.

Mwangalieni mtoto wa namna hii darasani. Huchagua kiti kinachoegemea ukuta, au kile kinachomwonyesha mlango. Dawati likigongwa nyuma yake, mabega hupanda hadi masikioni na kalamu huanguka. Wenzake wanacheka, yeye hacheki. Mwalimu akimuuliza jambo lililoandikwa ubaoni dakika moja iliyopita, hana jibu. Mwalimu anaandika kwenye ripoti: hasikilizi. Kumbe anasikiliza kila kitu isipokuwa somo.

Kwa sababu hiyo watoto wengi hupewa jina la utukutu, au hupelekwa kliniki kwa shida ya kutotulia na kutomakinika. Shida hiyo ipo kweli, na mtoto anaweza kuwa nayo pamoja na athari za ukatili. Lakini kabla ya kufikia huko, ulizeni mambo manne. Tabia ilianza lini: tangu utotoni kidogo kidogo, au ilibadilika ghafla? Huzidi siku fulani, kwa mfano Jumatatu au baada ya likizo? Anashtuka kwa sauti na miguso isiyo na madhara? Analala saa ngapi, na nini humwamsha? Swali la usingizi ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu mtoto hulijibu bila kuhisi anamsaliti mtu.

Makosa ya watu wenye nia njema ni mengi, na yanaumiza. La kwanza ni kumwadhibu anayekojoa kitandani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unawataka walezi wasifanye hivyo, maana aibu huongeza hofu na hofu huongeza mkojo. La pili ni kumpa dawa za usingizi za kundi la benzodiazepini katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Mwongozo huohuo unazikataa kwa watoto. La tatu, ambalo tunaliona sana, ni kumsimulisha. Mwalimu anauliza, mwalimu mkuu anauliza, bibi anauliza, mwandishi wa habari naye anainama na kinasa sauti. Kila mara mtoto anarudishwa ndani ya chumba kilekile, na maswali ya kumlisha majibu, kama "baba alishika kisu, siyo?", huharibu hata ushahidi utakaohitajika mahakamani. Waandishi wenu wasiwahoji watoto hawa kabisa, na msitaje shule, mtaa wala kazi ya mzazi. Vikikusanywa pamoja vinamtambulisha mtoto hata jina likifichwa.

Badala yake mtu mzima aseme machache. Kwa mfano: "Nimeona leo umechoka. Wakubwa wakigombana si kosa lako, na si kazi yako kuwaamulia. Nipo hapa mpaka saa ya kwenda nyumbani." Akinyamaza, mwacheni. Akisema, sikilizeni bila kuonyesha mshtuko, msiahidi siri, mwelezeni ni nani mtakayemwambia na kwa nini. Andikeni maneno yake kama alivyoyatamka, tarehe na saa, na siku hiyohiyo mmfikishie anayehusika na ulinzi wa watoto au afisa ustawi wa jamii. Msimpigie mtuhumiwa simu kumuuliza kama ni kweli. Jioni hiyo mtoto ndiye atakayelipa.

Mtoto mwenye umri wa kuelewa apewe pia mpango mfupi wa usalama, urudiwe mpaka aukariri. Asiingie katikati. Asikimbilie jikoni kwenye visu wala bafuni pasipo na njia ya kutokea. Ajue nyumba moja ya jirani ambako ameshakubaliwa, namba ya dharura, jina lake kamili na jinsi ya kuelekeza kwao.

Kuna utaratibu mmoja tunaupenda kwa wepesi wake. Huko West Virginia, Marekani, tangu mwaka 2013 polisi wakimkuta mtoto kwenye tukio hutuma ujumbe shuleni kabla ya kengele ya asubuhi: jina la mtoto na agizo kwamba ashughulikiwe kwa uangalifu. Hakuna maelezo ya tukio. Mwalimu hahitaji kujua nani alimpiga nani ili aahirishe jaribio, amwache alale saa moja kwa muuguzi, au asimfokee kwa kuja bila daftari. England ina utaratibu unaofanana, ulioanzia Plymouth mwaka 2011. Kituo chochote cha polisi chenye simu na orodha ya shule kinaweza kuanza.

Tusiwatishe wasomaji pia. Anayeona ukatili si lazima awe mpigaji, na watoto wengi hupona ukatili ukikoma na wakiwa na mtu mzima mmoja asiyebadilika. Dalili zikizidi mwezi, au mtoto akizungumzia kufa, apelekwe kwa mtaalamu. Hilo la kufa halisubiri hata kesho. Tiba ya kitabia na kifikra inayolenga kiwewe kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 16. Haianzi na tukio. Huanza na kupumua, kulegeza misuli na kuyapa majina mambo anayohisi; simulizi huja baadaye, kidogo kidogo, na mzazi asiye mkatili hushirikishwa ili aweze kuisikia bila kuvunjika. Kama ukatili bado unaendelea nyumbani, mtaalamu hushughulikia usalama kwanza.

Ombi letu jingine kwako, Mhariri: kila habari ya namna hii iwe na namba ya msaada chini yake. Ipigeni wenyewe kabla ya kuchapa, mjue kama inapokelewa usiku na kama mtoto asiye na salio anaweza kuitumia, kisha muyaandike hayo mawili kando ya namba.

Wako,
Walimu, wauguzi na washauri nasaha wa watoto