Dada wa kanisani hanilipi, na mchungaji ananikataza kwenda LC (baraza la kijiji)

Mpendwa mshauri,

Bwana asifiwe. Mimi ni mama, nauza mahindi na maharage hapa Busia, upande wa Uganda.

Mwaka jana dada mmoja wa kundi letu la kusoma Neno aliniomba shilingi 900,000 aongezee mtaji wa vitenge. Zilikuwa za ada ya binti yangu wa Senior Four, lakini alisema angerudisha kabla shule hazijafunguliwa. Nasi tulikuwa tumetoka kusoma Mathayo 5:42, pale Yesu anapokataza kumpa kisogo anayetaka kukopa. Nikampa. Hatukuandikiana, ila mume wangu na dada mwingine wa kundi walishuhudia.

Shule zilifunguliwa, zikafungwa. Ada nililipa kwa kuuza mbuzi. Vitenge anauza vizuri tu, naviona vikitoka.

Nilifuata Mathayo 18 kama tulivyofundishwa. Nilimwendea peke yangu, akalia, akaahidi. Nikarudi na wale mashahidi, akakasirika kwamba namwaibisha. Kinachofuata pale ni kuliambia kanisa, basi nikaenda kwa mchungaji. Yeye akanifungulia 1 Wakorintho 6: ndugu wasishitakiane mbele ya wasioamini, ni afadhali kudhulumiwa. Akaomba nami, akanisindikiza hadi mlangoni. Dada yule hakumwita.

Nilipofika nyumbani nikaisoma sura yote. Kabla ya hayo ya kudhulumiwa, katika mstari wa 5, Paulo anawauliza kama kweli hakuna mwenye hekima hata mmoja kati yao wa kuamua neno la ndugu. Maana yake kanisa lenyewe likae, lisikilize. Mbona hilo tumeliruka? Na Zaburi 37:21, "Asiye haki hukopa wala halipi", anasomewa nani? Naona Neno linamdai mkopeshaji tu. Sisemi mchungaji anampendelea, lakini Jumapili moja dada huyo aliahidi mifuko ya saruji kwa ujenzi, na kanisa zima likapiga makofi. Mimi nikawa nahesabu kimoyomoyo hiyo saruji ni ya nani.

Mume wangu anataka twende LC1, maana deni kama hili wana mamlaka ya kulisikiliza. Mwenyekiti wetu ni Mwislamu, na soko lote linajua hapokei kitu kidogo. Mchungaji anasema hao ndio wasioamini aliowataja Paulo. Kweli ndivyo? Au hiyo hukumu ya Korintho ilikuwa jambo jingine?

Wazee wa kanisa nawaheshimu, ila sijui kama naweza kumpita mchungaji niwaombe wakae na sisi wawili bila kuonekana mchochezi. Na kama jibu ni kusamehe, nitajaribu. Lakini niambie: nikishasamehe, ninaruhusiwa kumnyima mkopo mwingine? Maana juzi ameanza tena kuniuliza biashara inaendaje.

Mama wa nafaka, Busia