Mwanangu ameanza kupapasa sakafu kama mimi

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, na sikuwahi kudhani kuwa siku moja nami nitakuandikia. Nina miaka 41, nimeolewa na nina watoto wawili. Ndoa yangu haina mgogoro wa kukuletea. Kinachonisumbua ni mvua.

Miaka miwili iliyopita, mto ulio karibu nasi ulifurika usiku. Sikusikia kelele yoyote. Niliamka kwenda msalani, nikashusha miguu kitandani, nikakanyaga maji. Tulipomaliza kuwabeba watoto hadi kwa jirani mwenye ghorofa, maji yalikuwa yamenifika kiunoni. Hakuna tuliyempoteza, namshukuru Mungu. Maji yalipopungua tulirudi, tukazoa tope, tukapaka rangi. Ile alama ya maji ukutani tumeipaka mara tatu na bado inajitokeza.

Tangu siku hiyo, kabla sijashusha miguu, napeleka kwanza mkono sakafuni kupapasa kama pamelowa. Kila usiku, hata wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha ndiyo silali kabisa. Nasimama dirishani na tochi, namulika mtaro, narudi kukaa, nainuka tena. Moyo unanienda mbio na viganja vinatoa jasho. Asubuhi nafika kazini nikiwa hoi, nawakaripia watu ambao hawajanikosea.

Nilikwenda kumwona daktari. Akanipima presha, akasema ni mawazo tu, nipumzike. Mume wangu naye husema mvua zilikuwepo tangu enzi za babu zetu. Ni mtu mwema, tafadhali usimhukumu. Juzi nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nikakikuta pamoja na vyeti vyetu vyote, vimefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kutundikwa kwenye msumari karibu na dari. Hajawahi kuniambia. Kumbe tunaogopa wote wawili, kila mtu kimya kimya, na tunalala kitanda kimoja.

Shangazi, ningekuwa naogopa kitu kisichokuwepo, ningejua pa kuanzia. Mtoto anayeogopa jini uvunguni unamwashia taa, anaona hakuna jini. Mimi nikiwasha taa naona mambo yenyewe. Nimesoma kwamba kila joto la hewa likipanda kwa nyuzijoto 1 ya Selsiasi, hewa hiyo huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7, ndiyo maana mvua zikija zinakuja kwa kishindo. Nimesoma kwamba 2024 ulikuwa mwaka wenye joto kali kuliko yote iliyowahi kupimwa, na kwamba joto la dunia mwaka huo lilizidi lile la kabla ya enzi ya viwanda kwa zaidi ya nyuzijoto 1.5, kiwango kilekile ambacho mataifa yaliahidi mjini Paris mwaka 2015 kujitahidi yasikivuke. Wataalamu wanasema mwaka mmoja hautoshi kusema kikomo kimevunjwa. Sawa. Lakini usiku wa manane, mvua ikipiga bati, jambo hilo halinipi usingizi.

Nilipotafuta zaidi, nikakuta kuwa siko peke yangu. Mwaka 2021 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliohoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10. Karibu 6 kati ya kila 10 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinavuruga maisha yao ya kila siku. Sikujua nifarijike au nizidi kuumia, maana hao ndio rika ambalo wanangu wanaliendea.

Kilichonigusa zaidi ni neno moja, solastaljia. Lilibuniwa na mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, kueleza uchungu wa mtu anayepakumbuka kwao ilhali hajaondoka kwao. Nililisoma nikalia. Mto ule nilijifunzia kuogelea. Nilikuwa nikigombana na mama yangu, nilikwenda kukaa kando yake hadi hasira ziishe. Sasa nikipita darajani natazama upande mwingine. Mto bado upo palepale, nami bado nipo, lakini ni kama nimefiwa, na msiba wa namna hii hakuna anayekuja kukupa pole.

Haya yote ningeendelea kuyabeba mwenyewe. Kilichonifanya nikuandikie kilitokea wiki tatu zilizopita. Usiku ule hakukuwa na mvua. Niliingia chumbani kwa watoto kuwafunika, nikamkuta mwanangu mdogo wa miaka 9 anageuka kitandani. Hakuniona. Akatoa mkono nje ya shuka, akapapasa sakafu taratibu, akaunusa mkono wake, kisha ndiyo akateremka.

Sijawahi kumfundisha. Ameniona.

Nilipomkumbatia akaniuliza, "Mama, maji yatarudi?" Nikamjibu, "Hayatarudi, lala mwanangu." Akanitazama kwa muda, halafu akasema "Haya," kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma. Alijua nimemdanganya. Tangu hapo hajaniuliza tena, na ukimya wake unaniuma kuliko lile swali.

Shangazi, nipo tayari kutafuta mshauri nasaha kwa ajili yangu, kama nawe unaona inafaa. Nakuuliza tu: nikifika kwake nimwelezeje ili asinirudishe nyumbani na maneno ya "ni mawazo tu"? Tena kuna hili la mume wangu. Je, nimwambie kuwa nimeuona ule mfuko, au nisubiri mwenyewe aseme?

Lakini kubwa ni mtoto. Nikimwambia hakuna hatari, namdanganya, naye anajua. Nikimwambia ukweli wote ninaoujua, namtwisha mtoto wa miaka 9 mzigo ulionishinda mimi mtu mzima. Nimwambie nini? Hata ukinipa sentensi ya kwanza tu, nitaanzia hapo.

Nakushukuru.

Mama Asiyelala