Barua ya wazi kwa Daktari Mkuu wa zoni yetu ya afya: ukucha ukwanguliwe kwanza, dawa baadaye

Lubumbashi

Mheshimiwa Daktari Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mama wa malewa, napika bukari, sombe na samaki kando ya barabara. Huenda unanikumbuka. Miaka miwili iliyopita, kwenye mkutano wa kituo cha afya, ni mimi niliyesimama nikakunyooshea mikono yote miwili. Ukaitazama, ukatuahidi mbele ya wakubwa wa kartiye kwamba kabla masika haijaisha labo ya kituo itaanza kupima magonjwa ya kucha na ngozi. Masika ile iliisha. Ikaja nyingine, nayo ikaisha. Nilinyamaza kwa sababu nilikuamini.

Jumatatu iliyopita jirani yangu, ambaye anafua nguo za watu, alirudi kutoka kituoni na pakiti ya griseofulvini, vidonge vya kuua ukungu, yaani fangasi, wa ngozi na kucha. Nikamwuliza, wamekukwangua ukucha? Akasema hapana, muuguzi alimtazama vidole, akaandika karatasi. Docta, nilikaa chini. Vidonge hivyo hivyo nilivimeza mimi miezi minane.

Yangu yalianzia gumba la kulia. Nyama ya pembeni ilivimba, ikawa nyekundu, ukiibonyeza unatoka usaha kidogo. Kisha ukucha ukabadilika rangi kuanzia ubavuni, ukawa wa njano, halafu kama jani linalooza, ukajaa mifereji. Vidole vinne vikafuata. Siku moja mteja wangu wa kila siku aliona gumba langu ukingoni mwa sahani. Akairudisha mezani bila kuigusa, akanilipa, akaondoka. Hilo la kunilipa ndilo lililoniliza usiku. Hakurudi tena, na wenzake wa gereji nao wakapungua mmoja mmoja.

Feza za vidonge nilizitoa kwenye mtaji wa unga. Baadaye choa kikanitoka shingoni, na farmasini wakaniuzia tyubu ya klobetasoli, krimu kali ya steroidi, ile ile ambayo wengine wanajichubulia. Mwasho ulitulia siku tatu, nikashukuru. Baada ya wiki kadhaa choa kilikuwa kimeshuka hadi kifuani. Sasa najua kwamba dawa ile hutuliza mwasho huku ikiupa ukungu nafasi ya kutambaa.

Aliyenisaidia ni kijana anayesomea udaktari, mteja wangu. Alikwangua unga chini ya ukucha kwa wembe safi, akauweka kwenye kioo, akadondoshea potasi, dawa ya maji inayolainisha ukucha ili ukungu uonekane, akafunika, akasubiri nusu saa na zaidi kidogo, ndipo akaweka chini ya darubini. Akaniita nitazame. Niliona vijiduara vidogo, vingine vimeota vitoto ubavuni. Akasema hii ni kandida, ukungu unaopenda mikono inayoshinda majini, na griseofulvini haiuwezi. Griseofulvini inafaa kwa ukungu wa aina nyingine, kama ule wa mapunye ya watoto. Nikapewa flukonazoli, nikaambiwa nikaushe mikono kila nitokapo majini. Leo ni miezi miwili, na ukucha mpya, mweupe, umefika katikati. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo bado nahesabu.

Miezi minane ya dawa, Docta, na jibu lilikuwa la saa moja.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu watasema mama huyu anaomba vitu vya Ulaya. Darubini ipo kituoni! Kila asubuhi inaangalia damu za malaria. Kinachokosekana ni chupa ya potasi, wembe, vioo, na mtu wa kumfundisha fundi wa labo. Mji huu una chuo kikuu tangu miaka ya 1950, una kitivo cha tiba, wanafunzi wanatafuta kazi za utafiti kila mwaka. Wape daftari la kituo. Waandike nani kakwanguliwa, anafanya kazi gani, kimeonekana nini. Vingine vioteshwe kwenye chakula cha Sabouraud, kile cha labo cha kuoteshea ukungu, ingawa jibu lake husubiri wiki mbili hadi nne. Hapo tutajua ni ukungu gani uliomo vichwani mwa watoto wetu, miguuni mwa wachimbaji wanaoshinda ndani ya mabuti yenye maji, na vidoleni mwetu sisi wa sabuni na sufuria. Wengine kartiyeni wanasema ni maji ya migodi. Mimi nadhani ni maji yoyote, na dumu tunazobeba bomba linapokauka, na javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo. Lakini ni kudhani tu, maana hakuna aliyepima.

Nimesikia pia kwamba mwezi wa 5 mwaka 2025, huko Geneva, mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba magonjwa ya ngozi ni jambo la kipaumbele duniani kote. Basi usiniambie tena kwamba kucha ni urembo wa wanawake. Neno hilo lilisemwa kituoni, na nililisikia kwa masikio yangu.

Siombi jengo. Siombi gari. Ukucha ukwanguliwe kabla mtu hajapewa dawa za miezi, basi.

Pakiti ya jirani yangu iko mezani kwangu, haijafunguliwa. Nimemwomba asubiri hadi Jumatatu ijayo, naye amekubali, ila vidole vinamuuma na nguo za watu zinamngoja. Tafadhali, Docta, akirudi kituoni Jumatatu, amkute mtu wa kumkwangua.

Mama wa malewa