Yule bibi alijifunika uso

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa kooni tangu wiki ya kwanza ya Kwaresima, na kama barua itakuwa ndefu punguza tu kokote utakapoona inafaa, ila pale nilipoandika habari za bibi naomba usipaguse.

Mi ni mwanajumuiya wa kawaida, Mkatoliki, naishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 18, na Jumamosi yake tarehe 21 jumuiya yetu tukapanga kwenda kijiji kimoja wilaya ya Chamwino kuwaona wazee wanaoishi peke yao. Wazo zuri kabisa na mi nililishabikia kuliko wote, maana anayeijua Dodoma anajua Kwaresima huku kwetu inaangukia kipindi kigumu cha chakula, Februari na Machi mashamba ni ya kijani, uwele na mtama vimesimama, mgeni akipita na basi anasema huku neema tupu, kumbe ndani vihenge vimeisha na mavuno bado mpaka Aprili, Mei huko, watu wanasukuma siku kwa mlenda. Yaani sisi wa mjini tunafunga kwa kupenda na mwenzetu wa jirani tu hapo anafunga kwa kukosa. Nabii Isaya sura ya 58 ameshalisema hilo, na kanisani huwa tunaisoma Ijumaa na Jumamosi ile ile baada ya Majivu, kwamba kufunga anakokutaka Mungu ni kuwagawia wenye njaa chakula chako, "ndipo nuru yako itakapopambazuka kama asubuhi."

Basi tukachanga, tukapata unga, maharage, mafuta ya kupikia, chumvi, sukari na sabuni za mche, tukakodi Hiace tukaenda watu kumi na tatu na sare zetu.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya huyo bibi. Anakaa kwenye tembe, zile nyumba zetu za asili za paa la udongo, mlango mfupi mpaka uiname, dirisha hakuna ni kitundu tu, ukitoka juani ukaingia huoni kitu mpaka macho yazoee. Magoti yanamsumbua kwahiyo hakutoka nje, tukaingia sisi. Alikuwa kwenye mafiga anachochea moto. Hatujamaliza hata kusalimiana mtu akasema jamani tupige kwanza picha ndo tumkabidhi, basi simu tano sita zikatoka kwa mpigo na flashi zikawaka mle ndani, na mimi ndo nilikuwa nimeshika mfuko wa unga upande mmoja, na mimi, Mhariri, kwa mdomo wangu nikamwambia "bibi angalia huku, inua uso kidogo."

Bibi akashika ncha ya kitenge chake akajifunika uso.

Tukacheka tukasema anaona aibu huyu, tukapiga hivo hivo. Kwenye picha unaona mfuko, unaona sisi tumetabasamu, halafu kuna kitenge na mkono ulioshika kitenge, vidole vimejaa majivu ya jikoni. Majivu yangu mimi, yale tuliyopakwa kwenye paji la uso Jumatano, yalishafutika siku tatu nyuma. Jioni hatujafika hata nyumbani picha ziko kwenye grupu la WhatsApp na kwenye stetasi za watu, ya kwangu ikiwemo, nimeandika pale "nuru yenu na iangaze", na watu wakajaza amina, Mungu awabariki, hongereni sana, na mi nilikuwa nafungua kila saa kuangalia nani ameona.

Sasa Jumapili ya Machi 1, ya pili ya Kwaresima, ikasomwa Injili ya Bwana kugeuka sura mlimani, Mathayo 17, uso wake uking'aa kama jua. Nimeisikia tangu utotoni, ila siku hiyo kilichonigota ni mwishoni wakati wanashuka, Yesu anawaambia wale watatu msimwambie mtu yeyote habari ya maono hayo mpaka Mwana wa Adamu atakapofufuka. Wameona mwanga ambao hakuna mtu amewahi kuona halafu wanaambiwa wakae nao! Nikarudi nyumbani nikafungua Kutoka 34, maana Musa naye alikuwa mlimani, siku arobaini bila mkate bila maji, hesabu ile ile ya Kwaresima yetu, akashuka uso unang'aa mpaka watu wanaogopa kumkaribia, na Biblia inasema Musa mwenyewe "hakujua ya kuwa ngozi ya uso wake iling'aa". Hakujua! Baadaye ndo akawa anatia utaji usoni. Nikakaa na hiyo Biblia mapajani. Musa alijifunika uso kwa ajili ya mwanga uliotoka kwa Mungu, bibi wa watu akajifunika kwa ajili ya mwanga wa simu zetu.

Sikupata usingizi mzuri. Jumanne nikapanda daladala, nikamalizia na bodaboda, nikaenda peke yangu, simu ikabaki mfukoni nimeizima.

Nilimkuta amekaa nje kivulini, ametolewa na kijana wa jirani, anachambua mlenda kwenye ungo. Nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwa bibi. Akaitikia kwa furaha kabisa kama vile ananijua, akaniambia sogeza hicho kigoda ukae. Ndo nikamwona uso kwa mara ya kwanza, maana ile Jumamosi nilitoka pale hata simjui sura, nimebeba picha yake na simjui sura. Tukachambua mlenda wote. Nikamuuliza unga unaendeleaje, akasema nusu amempa mke wa jirani ana watoto wadogo na mume ameenda kutafuta vibarua hajarudi, "mimi mtu mmoja nitakula nini chote kile", akalisema hilo huku anatoa majani makavu kwenye ungo, hakuinua hata macho, halafu akahamia kwenye habari za mvua na kwelea kwelea wanaosubiri uwele ukomae.

Nikamwomba msamaha kwa zile picha. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mjukuu wangu, mlinikuta sijanawa uso."

Hapo sikuwa na la kujibu na mpaka sasa sina. Injili ya Jumatano ya Majivu, Mathayo 6, inasema wewe ufungapo jipake mafuta kichwani, unawe uso, na hiyo hiyo inasema utoapo sadaka usipige panda mbele yako, yaani tarumbeta ya kujitangaza. Sisi panda tulibeba mfukoni na chaji ilikuwa imejaa, na bibi tukamnyima hata dakika ya kunawa.

Nilipolipeleka jambo hili kwenye jumuiya hatukuelewana mara moja, na sitaki kuficha hilo. Mzee mmoja mtunza fedha wetu, mtu mwaminifu kweli, alisema picha zinatakiwa kwasababu waliochanga wanataka kuona mchango wao umefika, bila picha kesho utasikia unga umeliwa njiani. Ana hoja na mi naiheshimu, watu wameibiwa michango sana. Lakini si tupige picha ya risiti, tupige mifuko ikiwa kwenye gari, mwenyekiti wa kitongoji asaini karatasi kwamba mzigo umefika? Mifuko haioni aibu. Dada mwingine akaleta Mathayo 5, taa haiwekwi chini ya pishi, watu wayaone matendo yenu mema, ile niliyoiandika mimi kwenye stetasi. Ni kweli imeandikwa, ila mstari hauishii hapo, unamalizia "wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni", na mimi nikirudi kuzisoma zile hongera zote naona jina la jumuiya limetajwa, jina langu limetajwa.

Nimekulia kwenye nyumba ya taa ya chemli, kabla umeme haujafika kwetu. Kazi yangu kila jioni ilikuwa kufuta kioo, unachukua kipande cha gazeti kuukuu unakikunja unazungusha ndani taratibu mpaka masizi yaishe, na kioo chembamba kweli ukikaza mkono kinapasuka na kofi linakuhusu. Mama akiona mwanga hafifu hakuwa anaongeza utambi kwanza, alikuwa anauliza nani amefuta kioo leo. Mi naona siku hizi arobaini zote, kufunga, kutubu, Njia ya Msalaba ya Ijumaa, kunyamaza kwa Aleluya kanisani, ni jioni ya kufuta kioo. Mtume Paulo anasema sisi sote tunaurudisha utukufu wa Bwana kama vile katika kioo, 2 Wakorintho 3, na anasema kwa uso usiotiwa utaji, sasa sisi tuliomfanya mwenzetu atafute utaji tunaurudisha utukufu wa nani pale?

Na niseme na hili kwa haraka. Mwaka huu ndugu zetu Waislamu wameanza Ramadhani wiki ile ile tuliyopaka majivu, na jirani yangu mama mmoja ameshanitumia futari mara tatu, mtoto anagonga mlango na bakuli limefunikwa sahani, anasema mama amesema mle, anakimbia. Sahani inafunikwa hata mpita njia asijue ni uji au ni viazi, na ndani kwangu jioni hizo panakuwa na furaha ambayo mpaka watoto wanaiona.

Sasa ombi langu Mhariri, na ndo hasa lililonifanya niandike. Magazeti yetu nayo kila Kwaresima, na kila Ramadhani, yanachapa picha za watu waliosimama na boksi la sabuni na mtu wa kiti cha magurudumu au mtoto yatima katikati, na jina lake kamili chini na kijiji anachotoka. Naomba gazeti lako lianze, habari iandikwe, kiasi kitajwe, waliotoa watajwe kama wanataka, lakini huyo anayepokea sura yake isichapwe mpaka aulizwe akiwa peke yake, sio mbele ya wafadhili wamesimama na mfuko, maana hapo nani atasema hapana. Watoto ndo wasichapwe kabisa, shuleni wenzao wanasoma.

Sisi tumekubaliana kurudi Jumamosi kabla ya Matawi, mzee wa fedha naye amekubali, simu zote zitabaki kwenye gari kwa dereva na risiti zitasomwa jumuiyani. Yule bibi nimemtumia salamu kupitia kwa kijana wa bodaboda kwamba tunakuja tarehe 28 saa nne, ili tumkute ameshajiandaa kama anavyotaka mwenyewe. Amejibu tuje, ila tuje wachache, nyumba yake ndogo, na atakayekuja aje na nafasi ya kukaa.

Wako msomaji,
Mwanajumuiya, Nkuhungu, Dodoma