Marathoni ya ufukweni ikimbiwe kwa mizunguko

Mhariri,

Vikundi vya marafiki wanaotaka kukimbia kilomita 42.195 mchangani, bila kumsubiri mwandalizi mwenye wadhamini, vinazidi kujitokeza Entebbe na Kampala. Wazo ni zuri na halina gharama kubwa. Ila maelekezo mengi wanayoyafuata yametoka pwani ya bahari, kule Mombasa na Dar es Salaam, ambako mtu huvizia maji yakipwa akapata uwanja mpana wa mchanga mgumu kwa saa kadhaa. Ziwa Viktoria halipwi wala halijai kwa kiasi cha kumfaa mkimbiaji. Mchanga mgumu hapa ni ukanda mwembamba kando ya maji, pengine hatua mbili tatu tu, na upepo ndio wenye amri juu yake. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Jua likishapanda, upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, mawimbi yakaufunika ule ukanda na watu wakasukumwa juu kwenye mchanga tifutifu. Huko, kukimbia kilomita moja hula nguvu takriban mara 1.6 ya ile ya ardhi ngumu. Anayemaliza lami kwa saa nne ajiandae kwa tano na ushei.

Ramani nayo isiwahadae. Ukiitazama, ufuo wa Entebbe unaonekana kama mstari mmoja mrefu. Ukienda kwa miguu unakuta mafunjo, kuta za hoteli, uzio ulioingia majini, kisha mwalo wa wavuvi. Mwezi Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita rekodi ya 1964, na fukwe nyingi zikamezwa. Mchanga uliouona mwaka jana huenda leo haupo. Kaukagueni wiki ileile ya mbio.

Kwa sababu hizo tunashauri kipande kimoja kifupi, kwenda na kurudi: mita 1,056 kila upande, mizunguko 20. Hesabu yake ni hii. Wapimaji wa mbio za barabarani huongeza sehemu moja kwa elfu ili njia isije ikapungua, na mita 1,056 mara 40 ni mita 42,240, yaani umbali kamili na ziada kidogo. Faida nyingine ni ya miguu. Ufuo umeinama kuelekea majini, hivyo anayekwenda upande mmoja muda wote huumia nyonga na goti; akigeuka kila baada ya kilomita moja, mzigo unahama mguu.

Kupima, msiziamini saa za GPS peke yake, kwa kuwa hukata kona na kosa hujirudia kila mgeuko. Gurudumu la baiskeli nalo huzama na kuteleza mchangani. Chukueni tepu ya mafundi ya mita 50: urefu 21 kamili, kisha mita 6. Wawili wanavuta, wa tatu anachora mstari kwenye karatasi kila tepu inapolazwa. Huyo wa tatu msimwache nyumbani, maana tepu moja ikisahauliwa, mbio nzima inapungua kilomita 2. Alama ya kugeukia iwe jerikeni ya lita 20 iliyojazwa mchanga, iwekwe juu ya mahali mawimbi yanapofika. Mti uliochomekwa mchangani hauchelewi kulala.

Muda wa kuanza una mvutano wake. Joto linataka muanze mapema, lakini viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi alfajiri. Usisimame kati ya kiboko na maji. Saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumepambazuka, ndiyo saa yetu, na kikomo kiwe saa saba na nusu mchana. Ngurumo za ziwani nazo hukua usiku na mara nyingi hufika ufukweni asubuhi. Ukiona umeme, hesabu: mlio ukikufikia kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na mbio zisimame. Watu waingie ndani ya jengo au gari, wala si chini ya mti au banda la makuti, na wasirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Katika nchi ambayo mwaka 2011 radi iliua wanafunzi wapatao 18 wa shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo, hili halihitaji mjadala.

Kwa wakimbiaji 15, kila mmoja akinywa nusu lita kwa saa, saa sita ni lita 45. Tayarisheni jerikeni tatu za lita 20: moja ya maji matupu yaliyochemshwa, mbili zenye kilo moja ya sukari na vijiko vinne vya chai, vilivyosawazishwa, vya chumvi kila moja. Ndimu ni kwa ladha tu. Ongezeni ndizi ndogo mbivu, moja kwa saa kwa kila mtu. Kila mkimbiaji aje na kikombe chake chenye jina. Maji ya kavera, yaani ya mifuko ya plastiki, yanaacha takataka ambazo wavuvi watawakumbuka nazo. Anayetapika, vidole vimemvimba na amechanganyikiwa huenda amekunywa maji matupu kupita kiasi: msimwongeze maji, mpelekeni kituo cha afya. Aliyechanganyikiwa na mwili unawaka joto amwagiwe maji palepale kwanza, ndipo bodaboda au gari lianze safari.

Pamoja na yote hayo, kinacholeta ugomvi zaidi ni hesabu ya mizunguko. Mwandishi mmoja asipewe zaidi ya wakimbiaji watano. Aandike kwa penseli, kwa kuwa biro hukataa kuandika karatasi ikilowa mvua, na kila anayepita aandikiwe saa na dakika, si alama ya vema tu. Mtu anayetumia dakika 16 kwa mzunguko akionekana ametumia 32, mnajua mmoja haukuandikwa. Kule mbali kwenye mgeuko awepo mtu anayegawa mipira ya kufungia noti, mmoja kwa kila mzunguko, avalishwe mkimbiaji mkononi. Bila yeye, ifikapo kilomita ya 35, watu wema kabisa huanza kugeuka mita kumi kabla ya jerikeni.

Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), polisi wa karibu na mwenye ufukwe wapewe barua wiki mbili kabla. Mkipita karibu na mwalo, zungumzeni na wavuvi pia. Mukene, yaani dagaa, huanikwa chini, juu ya nyavu, na kiatu kimoja chenye mchanga kinaharibu mali ya mtu. Kamba za mitumbwi hukatiza ufuo kwa urefu wa muundi na hazionekani kwenye mwanga hafifu. Zifungieni vitambaa vyeupe jioni ya kuamkia mbio, mkiokota vioo na ndoana njiani.

Kumaliza mbio kisha kujitupa ziwani ndiko kunakoleta kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi kwa dakika chache, hasa mchana kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Ogeni maji ya bomba. Aliyeingia ziwani apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Akikutwa nacho, dawa ni prazikwanteli.

Wanaopendelea Lutoboka, Kalangala, kwenye kisiwa cha Bugala, wapange usafiri kabla ya kupanga mbio. Kwa ratiba yake ya kawaida, meli ya MV Kalangala huondoka gati ya Nakiwogo, Entebbe, mchana na kurudi kesho yake asubuhi, kwa hiyo anayekimbia Jumapili asubuhi hawezi kupanda meli ya siku hiyo. Ama mlale usiku mwingine, ama mtoke kwa kivuko cha Luku hadi Bukakata, nchi kavu, na kupitia Masaka.

Wakimbiaji wawili,
Entebbe