Tusitishane bure kuhusu dawa za kuzuia jasho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu ile meseji inayozunguka kwenye simu kila baada ya muda, eti roloni za kuzuia jasho zinaleta kansa ya matiti kwa sababu zinaziba jasho, sumu inakosa pa kutokea inarudi kwenye ziwa. Jamani, sumu mwilini inashughulikiwa na ini na figo. Jasho karibu lote ni maji na chumvi, kazi yake kupoza mwili, na tezi za jasho hazijaungana na zile tezi za limfu za kwapani (zinazosaidia mwili kupambana na magonjwa), kwahiyo hadithi nzima inaanguka hapohapo.

Kinachozuia jasho ni chumvi za alumini, zikikutana na jasho zinageuka kama jeli inaziba vitundu kwa muda tu halafu inatoka yenyewe. Diodoranti ya kawaida haizibi chochote, inapunguza bakteria wanaoleta harufu na kuweka manukato basi.

Sisemi hofu ilitoka hewani. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walikuta parabeni, zile kemikali za kuzuia vipodozi visiharibike ambazo baadhi ya roloni ziliwekwa, kwenye sampuli 18 kati ya 20 za uvimbe wa matiti na dunia ikashtuka, ila hawakupima nyama ya ziwa lisilo na kansa walinganishe, wala hawakuonyesha zimetoka wapi, na parabeni zipo hadi kwenye losheni na shampoo. Kabla ya hapo, 2002, utafiti wa Marekani ulilinganisha wanawake 813 wenye kansa ya matiti na 793 wasio nayo, haukuona uhusiano, hata kwa waliokuwa wananyoa kwapa kwanza ndio wanapaka. Wengine wanauliza mbona uvimbe mwingi unatokea upande wa karibu na kwapa? Ni kwa sababu sehemu hiyo ndio ina nyama nyingi ya ziwa.

Kinachoniuma mimi ni kwamba onyo la kweli halisambazwi. Alumini kidogo inayopenya ngozi inatolewa na figo, ndio maana Marekani ni lazima paketi iandikwe mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, lakini maandishi yenyewe madogo nani anayasoma? Na siku ya kwenda kupiga mamogramu, yaani eksirei ya matiti, usipake kabisa, maana chembe za alumini zinaweza kutokea kwenye picha kama vile vidoa vyeupe vya kalsiamu ambavyo madaktari wanavitafuta kwa kuwa vinaweza kuwa dalili ya kansa, unaitwa urudi kupimwa tena unakosa usingizi bure.

Nimemsikia dada mmoja akisema kwa kujiamini kabisa kwamba yeye hana haja ya kujikagua matiti kwa kuwa roloni ameacha. Hilo limenitisha kuliko roloni yoyote. Mhariri, kwenye kurasa zenu za afya naomba mtafute daktari alieleze hili kwa lugha ya kawaida, na hayo ya figo na mamogramu myaweke juu kabisa, sio mwishoni.

Msomaji wenu