Mabati 72, mguu mmoja na jogoo wa mnada: harambee ya wazee wetu wa vita ya Kagera

Ndugu zangu wa hapa kijijini, na nyie mlioko Bukoba, Mwanza, Dar na hata Kampala mnaosomea kwenye simu, Bwana asifiwe, asalaam aleikum, na kwa wasio wa huku wala kule habari za kazi. Jumapili ya mwisho kabla ya tarehe 25 Julai tuna harambee pale uwanja wa kanisa baada ya ibada ya pili. Siyo ya kanisa lakini, uwanja tumeazima tu kwa sababu una kivuli, kamati ina waislamu na wakristo na mweka hazina ni mama wa duka la pembejeo ambaye wote mnajua hapotezi hata mia.

Harambee ni ya wazee wetu watatu waliopigana vita ya Amin. Majina siandiki hapa, mnawajua.

Najua kuna watoto wa 2005 humu watauliza vita gani. Mwisho wa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia huku kwetu, likashika eneo lote la juu ya mto Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Ukipita Kyaka leo lile gofu la kanisa bado limesimama, watu wanapiga selfi. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akasema ile ya uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na hiyo kila mtu anaijua kwa moyo, ila tunachosahau ni kwamba hiyo nia ilibebwa mabegani mwa watu, na wengi hawakuwa askari wa kuajiriwa. Walikuwa mgambo. Mkulima wa migomba, karani, fundi baiskeli, anaitwa, anapewa bunduki na mazoezi, anavuka mto. Pale Lukaya Machi 1979, kwenye mapigano na wanajeshi wa Amin na Walibya waliokuja kumsaidia, brigedi ya 201 iliyokuwa mbele ilikuwa imejaa mgambo. Mwezi uliofuata Kampala ikaanguka, tarehe 11 Aprili.

Sasa hapo ndo penye shida yetu. Askari aliyestaafu jeshini ana namba, ana faili, pensheni yake inatoka Hazina, ikichelewa au ikiwa ndogo ana mahali pa kwenda kulalamika. Mgambo aliyerudi kijijini akaendelea na migomba yake hana faili lolote. Kati ya hawa watatu mmoja tu ndo alikuwa askari kamili, na yeye mwenyewe kila wakitangaza uhakiki wa wastaafu lazima akope nauli ya kwenda mjini kuthibitisha kwamba hajafa. Wawili ni mgambo. Mmoja barua yake ya kuitwa alikuwa ameitunza kwenye kopo la maziwa juu ya dari, mwaka juzi ameishusha akakuta mchwa wamekula wakaacha pembe moja yenye nusu ya muhuri. Hiyo pembe bado anayo, ameifunga kwenye nailoni.

Wa tatu ndo yule wa mguu. Tulienda kumwona mwezi wa nne, mvua ileile iliyoharibu barabara, tumeingia ndani tunakuta sufuria mbili na beseni zimetegwa chini ya matundu ya bati. Sehemu kavu ilikuwa moja, akasogeza stuli pale akasema karibuni wajukuu, kaeni, yeye akabaki amesimama kwenye matone anatuuliza habari za shule. Mguu wake wa bandia ni wa zamani sana, mkanda ulishakatika, anaufunga na mpira wa tairi la baiskeli, na anafungua kila jioni kwa sababu unamla nyama. Hakutuomba kitu. Mimi ndo niliuliza kuhusu mguu, na baada ya kuuliza nikajuta maana alianza kuomba radhi eti umechakaa.

Kwa hiyo hesabu yetu iko hivi. Nyumba tatu, kila moja mabati 24 ya geji 30, jumla mabati 72, dukani tumepewa bei ya 28,000 kwa moja, inakuja 2,016,000. Mbao na misumari 900,000. Mguu mpya na safari za kwenda kupimwa tumeweka 1,500,000, na nauli na makaratasi ya kufuatilia haki zao 300,000. Jumla 4,716,000. Tayari tuna 1,140,000 iliyotoka kwa vijana wa bodaboda, akina mama wa vikoba na wauza kahawa, bado 3,576,000. Fundi hatulipi, kazi ya kuezeka ni msaragambo, kila kaya itoe mtu mmoja na panga au nyundo, asiyekuja atume mkungu.

Sasa kuna jamaa kaniuliza, kwani hii si kazi ya serikali? Ni kazi ya serikali, tena sana, na hatuiachii. Sera ya Taifa ya Wazee iko tangu 2003, inasema mzee asiyejiweza wa miaka 60 na kuendelea atibiwe bure, na vitambulisho wamepewa, ila ukifika dirishani unaambiwa dawa hamna kanunue nje, kitambulisho kinakuwa picha tu ya kuweka mfukoni. Mwaka 2023 ikapita Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ambayo inataka kaya zisizo na uwezo zilipiwe. Haya, tunachotaka ni kitu rahisi, kijiji kiandikishe mgambo wote wa vita waliobaki hai pamoja na wajane wa waliokufa, mashahidi wapo, waliovuka nao mto wapo, halafu orodha ipande kata, wilaya, mkoa mpaka wizarani, na kila aliyemo aingizwe kwenye bima bila kuambiwa alete barua ambayo mchwa wameshakula. Barua ya kuomba hivyo tumeiandika, serikali ya kijiji imegonga muhuri, nakala ya mbunge ipo. Siku ya harambee kutakuwa na meza ya kusaini, hata kama hutoi hela njoo usaini, na kama baba yako au babu yako alienda vitani njoo na jina lake, kombania yake kama unaijua, na chochote kilichobaki, picha, kofia, hata hadithi.

Haraka iko hapa: aliyekuwa na miaka 22 wakati ule leo ana karibu 70. Mwaka jana tulikuwa na wanne.

Na naomba tusifanye ile mambo ya kila Siku ya Mashujaa, wazee wanakalishwa kwenye tenti, hotuba masaa matatu, soda moja, halafu jioni wanarudi kwa miguu. Siku hiyo mgeni rasmi hakuna. Hotuba hakuna. Wazee watachukuliwa na gari na kurudishwa na gari, na hakuna kuwapiga picha bila kuwauliza, hasa mguu.

Namba ya kutuma mchango iko kwenye ubao wa kijiji na kwenye grupu letu, ukituma lazima litokee jina la kikundi, likitokea jina la mtu simamisha hapohapo unipigie. Vitu navyo tunapokea kwa mnada: ndizi, kahawa, mbuzi, mayai, senene kama kuna mtu kawahifadhi, tena hao nitawagombania mwenyewe.

Yule mzee wa mguu aliposikia kuna harambee kamtuma mjukuu wake na jogoo mwekundu, kasema na yeye ana mchango. Jogoo yuko kwa katibu anakula mtama. Bei inaanzia elfu thelathini, na anayetaka kuanzia elfu kumi abaki nyumbani.